Mtoto mwenye saratani anapoomboleza: mwongozo kwa mzazi na mlezi wa wodini

Mtoto anayetibiwa saratani huanza kuomboleza kabla hajafiwa na mtu yeyote. Nywele zimekwenda. Shule imekwenda. Mdogo wake ameachwa kwa bibi, nafasi yake kwenye timu ya mtaani amepewa mwingine, na pengine jicho au mguu nao umekwenda. Halafu asubuhi moja kitanda cha jirani kinatandikwa shuka safi, na hakuna mtu mzima anayesema lolote. Mwongozo huu ni wa mama, baba, bibi au shangazi anayemuuguza mtoto huyo na hajui aanzie wapi.

Niseme mapema ninachokiamini: mtoto huyu kwa kawaida anajua zaidi ya tunavyodhani, na kinachomtesa sana ni kuyabeba anayoyajua peke yake.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kuliko kwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30, kwa sababu ya kuchelewa kugunduliwa, dawa kukosekana, au familia kuishiwa nauli na kukatisha matibabu. Kwa mtoto aliyelazwa katika hospitali zetu kubwa za Tanzania, kama Muhimbili, Bugando au KCMC, maana yake ni kwamba atapata marafiki wodini, atakula nao uji, atagombana nao kwa ajili ya katuni, na baadhi yao watakufa kabla yeye hajamaliza dawa. Saratani ya damu inayowapata watoto wengi hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Huwezi kumficha mtoto misiba ya muda wote huo.

Hatua ya 1: Anza kwa kusikiliza anachokijua

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alichapisha mwaka 1978 utafiti wake kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 9 waliokuwa na saratani ya damu, wakati ambapo wengi wao hawakupona. Wazazi na madaktari walinyamaza, lakini watoto walijua. Walijifunza ngazi kwa ngazi: kwamba ugonjwa ni mkubwa, kisha majina ya dawa na madhara yake, kisha kila kipimo kinatafuta nini, kisha kwamba ugonjwa huondoka na kurudi, na mwisho kwamba dawa zina ukomo na mtu hufa. Ngazi hiyo ya mwisho waliipanda waliposikia kuwa mwenzao amekufa. Wakawaficha wazazi wao wanachokijua, maana walikwishaona kuwa wazazi hawataki kisemwe. Kila upande ukawa unamlinda mwenzake kwa kuigiza.

Nadhani wodi zetu zinafundisha haraka zaidi. Chumba kina vitanda vingi, pazia ni jembamba au halipo, na usiku akina mama wanapiga simu kijijini kwa Kisukuma au Kihaya wakiamini mtoto amelala. Hajalala.

Kwa hiyo kabla ya kueleza chochote, uliza swali lililo wazi kisha nyamaza. "Baba, unafikiri kwa nini tumekaa hapa siku nyingi hivi?" "Ukimwona daktari anaongea na mama pembeni, unawaza nini?" Vumilia ukimya unaofuata. Watu wazima wengi huujaza haraka kwa "usiwe na wasiwasi", na hapo mlango unafungwa.

Asiyesema atacheza. Binti wa miaka 7 anaweza kukunja kanga ikawa mtoto, akambandika plasta ya kanula mkononi, akamtundikia dripu ya uzi, kisha akamfunika gubigubi hadi usoni. Usikimbilie kumfunua wala kusema, "Usicheze hivyo, ni mkosi." Kaa chini karibu naye: "Mwanao anaumwa nini, mama? Sasa kinafuata nini?" Atakujibu kama mama wa yule mtoto wa kanga, na katika majibu hayo utasikia yote anayoyawaza juu yake mwenyewe.

Hatua ya 2: Pima umri, lakini usiuamini sana

Mtoto wa chini ya miaka 3 haelewi kifo, anaelewa kuachwa. Uwepo wako, harufu yako na ratiba isiyobadilika ndiyo faraja yake. Kati ya miaka 3 na 5 wengi hudhani kifo kina kurudi, hivyo atauliza tena na tena rafiki yake anakuja lini. Jibu lile lile, kwa maneno yale yale, bila kuchoka. Kuanzia miaka 6 hivi anaanza kushika kwamba kifo hakina kurudi, kwamba mwili huacha kufanya kazi yote, na kwamba humpata kila mtu. Kijana wa miaka 13 anaelewa kama wewe, ila yeye atakaa kimya na simu ndogo usiku kucha.

Mtoto mgonjwa huwatangulia wenzake wa rika lake. Aliyemwona mwenzake akizidiwa kitanda cha pili hahitaji kufika darasa la nne ndipo aelewe.

Kuna jambo moja la kuulizia kwa makusudi katika umri wa miaka 4 hadi 9, maana halijitokezi lenyewe: hatia. Watoto wa umri huo huamini kuwa wazo au tendo lao linaweza kuua. "Nilimnyang'anya gari lake." "Nilisema simpendi." Au juu ya ugonjwa wake mwenyewe: "Ni kwa sababu nilikula udongo." Sema wazi: "Hakuna ulichofanya, ulichosema wala ulichowaza kilichomfanya afe. Ni ugonjwa." Na mwambie saratani haiambukizwi, kwa sababu wapo wanaoamini kuwa kulala jirani na aliyekufa ndiyo zamu inayofuata.

Hatua ya 3: Tenga maumivu na dawa kwanza

Mtoto mwenye maumivu hawezi kuongea habari za huzuni. Kabla ya kusema amekuwa mkali kwa sababu ya msiba, mwulize nesi kama dawa ya maumivu inatosha. Mofini ya maji, ikitolewa kwa kipimo cha daktari, haimfanyi mtoto kuwa teja wala si alama kwamba wamemkatia tamaa.

Angalia pia dawa zenyewe. Prednisoloni na deksamethasoni, zinazotumika sana kwenye saratani ya damu, humfanya mtoto awe na njaa isiyoisha, akose usingizi, alie bila sababu na kukasirika kwa jambo dogo. Akina mama wa wodini wanazijua wiki hizo vizuri kuliko yeyote. Upungufu wa damu nao humlegeza mtoto ukadhani ni unyonge wa moyo. Ukali ukipungua dawa zinapomalizika, ulikuwa wa dawa. Ukibaki, endelea kusoma.

Kumbuka tu kwamba huzuni ya mtoto huja kwa vipande. Analia dakika kumi, kisha anaomba soda, kisha anacheka na wenzake kwenye korido. Ndugu wakija kumtazama husema, "Afadhali, mtoto hajaelewa." Ameelewa. Moyo wake hauwezi kubeba mzigo wote kwa mkupuo mmoja, basi anautua na kuuchukua tena. Wengine huonyesha kwa mwili: anakojoa kitandani wakati alishaacha, anaumwa tumbo kabla ya dripu, anakataa mtu mwingine asimshike ila mama, au anamfokea mama huyo huyo.

Hatua ya 4: Mpe habari ya msiba siku hiyo hiyo

Rafiki yake amekufa alfajiri. Una saa chache tu kabla hajasikia kwa mtoto mwingine chooni. Mwambie wewe, au nesi anayempenda ukiwa umekaa naye. Chagua kona tulivu, mkae usawa mmoja, mshike mkono kama anapenda kushikwa. Usimwambie akiwa anaingia nusu kaputi wala dripu ikiwa inaanza. Ataunganisha habari ile na sindano.

Maneno yawe machache na yanyooke:

"Mwanangu, nina habari ya huzuni. Rafiki yako wa kitanda cha dirishani amefariki leo alfajiri. Ugonjwa wake ulikuwa mkali sana, dawa hazikuweza kuushinda. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui tena, hasikii maumivu, na hawezi kurudi. Mimi nina huzuni. Wewe je?"

Neno "amefariki" linafaa ilimradi umeeleza maana yake. Yanayoleta balaa ni yale tunayoyatumia kwa upole. Ukimwambia "amelala", usishangae akikataa kulala, au akipiga kelele anapopelekwa thieta kwa sindano ya mgongo. Ukimwambia "amesafiri", atamngoja, kisha atamchukia kwa kuondoka bila kuaga. "Amehamishwa wodi" ni uongo, na mtoto ataugundua, halafu siku ukimwambia dawa hii haiumi hatakuamini. "Mungu huchukua wale anaowapenda" humfanya mtoto aombe asipendwe na Mungu. Nimeona pia wakubwa wakimwambia mtoto "yule hakula vizuri", ili wamtishe ale. Tafadhali, hapana. Mtoto anayetapika kwa sababu ya tibakemia, yaani dawa za kuua saratani, ataona kila tonge lililomshinda ni hatua moja kuelekea kaburini.

Imani ina nafasi yake kubwa, na sisemi iachwe. Tanguliza ukweli wa mwili, kisha useme mnachoamini kama familia: "Sisi tunaamini yuko kwa Mungu." Mpangilio huo haumchanganyi.

Na wewe unaweza kulia. Akiona machozi yako na kusikia sababu yake, atajifunza kuwa kulia kunaruhusiwa. Kinachomtisha ni kilio kisicho na maelezo, kile cha mama anayetoka mbio kwenda bafuni na kurudi na uso uliooshwa.

Hatua ya 5: Jiandae kwa swali lenyewe

"Na mimi nitakufa?"

Litakuja, na mara nyingi litakuja wakati mbaya, ukiwa umeshika bakuli la matapishi. Usikimbie, na usiape kwamba hatakufa. Kwanza jua ameuliza nini: "Ni swali kubwa, mama. Nini kimekufanya uwaze hivyo?" Mmoja anauliza kuhusu ugonjwa. Mwingine anauliza kama itauma. Mwingine anataka kujua kama utakuwepo.

Kama matibabu yanaendelea vizuri, sema hivyo, na onyesha tofauti kati yake na yule aliyekufa: "Rafiki yako alikuwa na uvimbe wa aina nyingine. Wewe una saratani ya damu. Dawa zako zinafanya kazi; juzi daktari alisema damu yako imepanda. Siwezi kujua yote ya mbele, lakini nitakwambia kila ninachoambiwa, na sitakuacha." Kama wote wawili wana ugonjwa mmoja, usidanganye kuwa ni tofauti. Sema kwamba miili haipokei dawa kwa namna moja, na kwamba madaktari wanampima yeye kwa ajili yake mwenyewe.

Swali la pili ni "kwa nini mimi?" Huku kwetu swali hilo lina jirani yake: "Nimerogwa?" Pengine amemsikia mjomba akisema kwenye simu kwamba jirani fulani anajua alichofanya. Usimdhihaki mjomba mbele ya mtoto. Hiyo ni vita ya wakubwa, mkaimalize pembeni. Mtoto mwambie: "Seli moja ndani ya mwili wako iliharibika ikaanza kuzaana ovyo. Hakuna mtu aliyekutumia ugonjwa huu. Hakuna kosa ulilofanya." Mtoto anayeamini kuwa amerogwa na ndugu yake anaomboleza pia ndugu huyo, na hakuna anayejua kuwa amempoteza.

Hatua ya 6: Mpe namna ya kuaga

Sisi wakubwa tuna msiba, tuna matanga, tuna arobaini au ibada ya shukrani. Mtoto wa wodini hana hata kimoja. Mwili unasafirishwa kwenda mkoani, mama wa marehemu anafungasha ndoo na kanga zake, na saa nane mchana kuna mgonjwa mpya kitandani.

Basi tengenezeni kitu. Waulize kwanza wazazi wa marehemu kama wanaridhia jina litajwe. Kisha watoto wanaotaka wakae pamoja kwa muda mfupi. Waislamu na Wakristo wamo, kwa hiyo kila mmoja aombe dua au sala ya kwao kimya kimya, au kwa zamu. Wachore picha. Kila mmoja aseme jambo moja analolikumbuka, hata la kuchekesha, hata kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa penseli. Asiyetaka kuja asilazimishwe. Kitanda kile, kama nafasi inaruhusu, kingoje kidogo kabla ya kupata mgonjwa mpya. Kama hairuhusu, mtu awaambie watoto kwamba anakuja mwenzao mpya na kwamba hachukui nafasi ya mtu.

Msiba ukiwa wa nyumbani kwao, kwa mfano babu au mdogo wake amekufa kijijini na yeye kinga imeshuka, mwulize daktari kabla ya kuamua lolote. Picha ya damu ikiwa mbaya, umati wa watu msibani ni hatari kwake. Asipoweza kwenda, ashirikishwe kwa simu: asikie sauti za nyumbani, aone mazishi kwa video kama familia inaafiki, atume barua au mchoro wa kuwekwa kaburini, na achaguliwe siku ya kwenda kulitazama kaburi akipata nguvu. Usimfiche hadi amalize matibabu. Miaka miwili baadaye atafika nyumbani akimtafuta babu, na msiba wake utaanza siku hiyo, wenzake wote wakiwa wameshamaliza kulia.

Hatua ya 7: Heshimu maombolezo ya vitu visivyo mtu

Mama mmoja anaweza kusema, "Analilia nywele wakati mwenzake kafa!" Ndiyo, analilia nywele. Mpe nafasi akate zote mapema kabla hazijaanza kudondoka kwenye mto. Kukata mwenyewe kuna heshima yake.

Kwa saratani ya mfupa au ya jicho, maandalizi yaanze kabla ya upasuaji. Hakuna kitu kibaya kama mtoto kuamka na kugundua. Mwambie kitakachoondolewa, kwa nini, na atakavyoonekana. Atauliza mguu unakwenda wapi. Hilo si swali la kipuuzi: uliza hospitali mapema utaratibu wao ukoje, na kama familia inataka uzikwe, sema kabla ya siku yenyewe. Mwacheni auage, auchore, aupe jina akipenda. Mwambie pia kwamba baada ya kukatwa anaweza kuusikia mguu usiokuwepo ukiwasha au kuuma, na kwamba hilo huwatokea wengi, si mzimu wala wazimu. Amwambie nesi, ipo dawa.

Shule ilindwe kwa namna yoyote. Daftari, mwalimu wa wodini kama yupo, salamu za wanafunzi wenzake kwenye simu ya mwalimu. Mtoto anayefanya hesabu anajihesabu miongoni mwa walio hai.

Hatua ya 8: Dawa zinaposhindwa

Hapa mtoto anaomboleza maisha yake mwenyewe, na wazazi wengi huapa kuwa hawatasema. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2004 uliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani kama waliwahi kuongea nao kuhusu kifo. Wazazi 147 waliosema waliongea, hata mmoja hakujutia. Kati ya 258 ambao hawakuongea, 69 walijuta, na waliokuwa wamehisi kwamba mtoto wao anajua walijuta zaidi kuliko wasiohisi hivyo. Sweden si kwetu, najua. Lakini majuto ya mzazi hayana pasipoti.

Kuongea hakumaanishi kutoa hotuba. Mtoto atafungua mwenyewe: "Baiskeli yangu apewe nani?" Jibu baya ni "utaiendesha mwenyewe." Jibu zuri ni "Ungependa apewe nani?" Andika anachosema. Muulize anataka nini: kwenda nyumbani, kumwona mbwa wake, wali na samaki wa nazi, padri au shehe wake, asichomwe tena sindano. Yapelekeni kwa daktari kwa uzito ule ule mnaopeleka majibu ya vipimo. Mkienda nyumbani, ondokeni na dawa za maumivu za kutosha na namba ya mtu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, atakayepokea usiku.

Mwambie mambo matatu, kwa siku tofauti: hataachwa peke yake, maumivu yatatulizwa, na atakumbukwa. Ndugu zake wa tumbo moja waje wamwone. Wataogopa, na wakiogopa watashikwa mikono.

Hatua ya 9: Jua pa kuomba msaada

Mwite daktari, mwanasaikolojia au afisa ustawi wa jamii wa hospitali ikiwa mtoto anasema anataka kufa au kumfuata aliyekufa, anakataa dawa moja kwa moja, ameacha kucheza na kuongea kwa wiki kadhaa, au anasumbuliwa na ndoto mbaya zile zile kila usiku. Akisema anataka kujidhuru, usimwache peke yake hata dakika moja, na usingoje asubuhi.

Nawe mlezi, mtafute mtu wa kukupokea zamu. Mama aliyelala kwenye kiti kwa miezi hawezi kusikiliza maombolezo ya mtu mwingine, hata ya mwanawe.

Hatua ya 10: Kabla ya kliniki ya kwanza

Aliyemaliza dawa atarudi kwa vipimo, na wodi itakuwa imebadilika. Atauliza kwa majina. Siku moja kabla ya safari, mpigie nesi na umuulize nani amefariki tangu mlipoondoka. Mwambie mtoto mkiwa nyumbani, au kwenye basi kama hapakuwa na nafasi, asije akaambiwa koridoni na mlinzi. Atakaposema haoni haki kwamba yeye amepona, usimwambie ashukuru tu. Mwambie kupona kwake hakukumnyima mtu dawa. Kisha mwulize kama anataka kupita wodini kusalimia au mwende maabara moja kwa moja, na alivyochagua ndivyo mfanye.